Chikori Hailiwi kwa Kalenda

Mfugaji anayepanda chikori kwa mara ya kwanza huwa na maswali mawili: inatoa majani kiasi gani, na inadumu miaka mingapi? La kwanza hujibiwa na udongo, mvua na mbolea. La pili halijibiki mpaka ijulikane mifugo wataingia lini na watatoka lini. Gawanya shamba moja kwa uzio, mbegu ileile, siku ileile ya kupanda, kisha upande mmoja uulishie kwa mpango na ule mwingine uwaachie wanyama wajiamulie. Haitachukua muda mrefu kabla ya upande ule kuvamiwa na magugu, wakati huu wa mpango bado unanenepesha wanakondoo. Chikori inapotoweka, ukame ndio hulaumiwa. Mimi huulaumu mlango wa uzio uliofunguliwa mapema au uliochelewa kufungwa.

Nasema hivi kwa sababu ushauri mwingi kuhusu zao hili ni wa namba tupu. Ingiza mifugo majani yakifika sentimita 25 hadi 35. Watoe yakibaki sentimita 5. Pumzisha siku 25 hadi 30. Namba hizi ni nzuri, na mimi mwenyewe naanzia hapohapo. Tatizo huja pale mtu anapozibandika ukutani na kuzigeuza kalenda: kipande cha kwanza Jumatatu, cha pili Alhamisi, mwezi ukiisha turudi cha kwanza. Chikori haina habari na mwezi. Kuna majira ambapo siku 30 ni nyingi mno, na majira ambapo ni chache mno, na anayetaka zao lake lidumu hana budi kujua kinachoendelea chini ya majani.

Mmea wenyewe kwanza. Chikori, ambayo wanasayansi huiita Cichorium intybus, ni jamaa ya letasi, na ndiyo hiyohiyo ambayo mizizi yake hukaangwa, ikasagwa na kuchanganywa na kahawa. Kulishia mifugo si jambo jipya. Arthur Young, mwandishi mashuhuri wa kilimo wa Uingereza, aliipigia debe mwishoni mwa karne ya 18, na kiasi cha karne moja baadaye Robert Elliot wa Clifton Park, huko Scotland, aliiweka katika mchanganyiko wake wa mimea yenye mizizi mirefu ili ipasue udongo ulioshindiliwa na kuurudishia uhai. Hata hivyo chikori tunayoipanda leo kwa ajili ya malisho inadaiwa shukrani kubwa na Nyuzilandi, ambako watafiti walichagua mimea yenye majani mengi na kutoa aina ya Grasslands Puna mwaka 1985. Ile ya porini hukimbilia bua na maua. Hii ililelewa kwa ajili ya jani.

Juu ya ardhi unaona majani mapana yaliyojipanga duara. Chini yake kuna mzizi mkuu mmoja, mnene kama karoti, unaoshuka kufuata maji mahali ambapo mizizi ya nyasi nyingi haifiki. Ndio unaoifanya chikori ibaki kijani wakati nyasi zimeungua na jua. Ndio pia ghala lake. Humo mmea huweka akiba ya chakula kwa umbo la inulini, aina ya wanga, na kila mnyama anapokata majani, mmea huchota kwenye akiba hiyo ili uchipue upya. Majani mapya yakishapanuka, huanza kutengeneza chakula cha kutosha, kwanza kwa ajili yao wenyewe, na baadaye ndipo ziada hushuka kurudi mzizini. Mnyama akiyakata kabla ya hapo, mmea huchota tena bila kuwa umerudisha chochote. Ukifanyiwa hivyo mfululizo, siku moja hauchipui.

Nyasi zina uvumilivu wa namna nyingine, kwa sababu jani la nyasi likikatwa huendelea kusukumwa kutoka chini. Chikori haiko hivyo. Majani yake yajayo hutoka katikati ya mmea, pale kichwa cha mzizi kinapokutana na uso wa ardhi, na pale pakiumizwa, urefu wa mzizi wote ule hausaidii kitu. Kwa hiyo jicho lililozoea nyasi linadanganyika kwa urahisi. Linaona shamba la kijani na kusema bado kuna chakula.

Ningependa kila mwenye chikori apige magoti shambani siku tatu au nne baada ya kundi kuondoka, apanue mabaki ya majani kwa vidole na kutazama. Vikonyo vilivyokatwa vimekauka ncha, na pale palipovuja utomvu mweupe pamebaki doa la kahawia. Katikati, ikiwa kuna joto na udongo una unyevu, utakuta vijani vipya viwili vitatu, bado vimejikunja, kijani kilichopauka, laini kuliko kitu kingine chochote katika kipande kizima. Sasa fikiria mifugo wangekuwa bado wamo. Majani makubwa yaliyobaki pembeni yamekwisha kukanyagwa na kuchafuliwa na kinyesi, hawayataki. Watakachokitafuta ni hivyo vijani. Kuwaacha wanyama wiki mbili kwenye kipande kimoja kwa hoja kwamba majani hayajaisha ni kuwapa nafasi ya kuula mmea mara ya pili ukiwa katika hali yake dhaifu kabisa.

Ndiyo maana napendelea vipande vidogo vinavyoliwa na kuisha ndani ya siku tatu au nne, na kamwe visizidi wiki. Uzio wa mbele kila mtu anaukumbuka, kwa sababu ndio unaogawa chakula cha kesho. Wa nyuma, ule unaowazuia wanyama kurudi walikotoka, ndio unaosahauliwa, na kwa chikori huo wa nyuma ndio wenye kazi kubwa zaidi. Waya mmoja wa umeme hutosha kwa ng'ombe waliouzoea. Kondoo na mbuzi wanahitaji nyaya kadhaa au wavu, na gharama hiyo nadhani inastahili, maana mdomo mwembamba wa kondoo hufika mahali ulimi wa ng'ombe haufiki. Ng'ombe hukusanya fungu la majani kwa ulimi na kulivuta, hivyo mara nyingi huacha kisiki cha kutosha hata asiposimamiwa sana. Kondoo mwenye njaa anaguguna hadi kichwa cha mzizi chenyewe. Zile sentimita 5 za kubakiza, kama vidole vitatu vilivyolazwa, zinamhusu kondoo kuliko mnyama mwingine yeyote.

Kuingia kwa mara ya kwanza kuna kanuni zake. Chikori changa hupendeza mapema. Wiki chache tu baada ya kuota, shamba limefunikwa na linaonekana kama linaomba kuliwa, hali mzizi bado ni uzi. Subiri mmea uwe na majani saba kamili au zaidi, kisha ufanye jaribio la mkono: shika fungu la majani, lizungushe kidogo na uvute kwa ghafla jinsi mnyama anavyovuta. Majani yakikatika mkononi, mzizi umeshika. Mmea ukija mzima, mlango ubaki umefungwa. Fanya hivyo sehemu mbalimbali za shamba, siyo pale karibu na geti tu. Siku ya kuwaingiza, udongo uwe mkavu, wanyama wawe wepesi, na wakae muda mfupi. Mlo huo wa kwanza ni wa kugusa tu.

Kinachowafanya watu waharakishe hapa mara nyingi ni magugu. Chikori ni mmea wa majani mapana, na dawa nyingi za kuua magugu ya majani mapana, 2,4-D ikiwa mojawapo, huiua nayo. Mtu akiona magugu yanaipita chikori yake urefu, na dawa haipo, anafikiria kuwatuma kondoo. Wakati mwingine inasaidia, ikiwa mizizi imeshika. Ikiwa haijashika, kondoo wataichagua chikori na kuyaacha magugu. Vita hiyo huamuliwa kabla ya kupanda, kwa kusafisha shamba vizuri na kuisia mbegu juujuu, kiasi cha sentimita moja tu.

Halafu huja majira ya mabua, na hapa ndipo kalenda inapoumbuka. Baada ya kupitia baridi, siku zinapoanza kuwa ndefu, chikori hubadili nia. Badala ya kutoa majani peke yake, husukuma bua katikati, na likiachwa linaweza kufika karibu mita mbili. Maua yake ni ya bluu, hufunguka asubuhi na kujifunga jua linapokuwa kali, na nyuki huyafuata kwa wingi. Ni mazuri kweli. Lakini kipande cha malisho kilichofika hapo kimepoteza sehemu kubwa ya thamani yake: bua lililokomaa lina nyuzinyuzi ngumu, mnyama hulivua majani na kuliacha limesimama, na kila bua linalosimama linakula nguvu ambayo ingekwenda kwenye majani mapya.

Bua changa, la chini ya sentimita 15 hivi, bado ni laini na mifugo hulila bila kinyongo. Hapo ndipo pa kuliwahi. Katika majira haya siku 30 za mapumziko ni nyingi mno. Hata 20 zinaweza kuwa nyingi joto na mvua vikikutana. Nikiona mabua yameanza, naacha kuangalia urefu wa majani na kuanza kuangalia urefu wa bua, na mzunguko unafupishwa hata kama majani hayajafikia kimo chake. Mzizi wakati huo una nguvu na ukuaji ni wa kasi, kwa hiyo mmea unavumilia kurudiwa mapema kidogo. Sharti moja halibadiliki: wakishakula, watoke.

Tatizo la kweli ni kwamba vipande vyote hutoa mabua kwa wakati mmoja. Kundi lililotosha shamba mwezi uliopita sasa halitoshi. Kuna watu hung'ang'ania kulisha kila kipande, na matokeo yake wanabaki na mabua kila mahali. Afadhali uchague vipande unavyoweza kuviwahi, uvishike barabara, na vile vilivyokuponyoka uvikubali kwa muda. Walishie ng'ombe humo, kisha wakitoka pita na mashine ya kukatia au panga, ukate chini kiasi cha sentimita 5 hadi 10. Kukata kunafuata kulisha. Ukitanguliza kukata unapoteza majani ambayo bado yangeliwa. Kuikausha chikori iwe hei ni kazi ngumu kwa sababu ya maji mengi iliyonayo. Silaji, yaani majani yaliyofungiwa bila hewa yakachachuka, inawezekana, hasa ikichanganywa na nyasi.

Mahali pasipo na majira ya baridi ya kweli, mabua yanaweza kuwa machache au yakatoka kwa kupishana. Huko hakuna mwezi wa kuonyesha kwa kidole ukasema huu ndio mwezi wa mabua, na kupita shambani kila siku chache ndiyo njia pekee.

Upande wa pili wa mwaka, mambo hugeuka. Baridi ikiingia, au ukuaji ukipungua kwa sababu nyingine, chikori huinamisha majani yake hadi yalale juu ya udongo, na siku 30 zikapita bila kitu cha maana kuongezeka. Anayefuata kalenda anarudi na kukuta sentimita 10, anawaingiza hivyohivyo, na wanyama wanaguguna hadi chini kwa kuwa hakuna kingine cha kuguguna. Kipindi cha kabla ya baridi ndicho mmea unajaza mzizi kwa ajili ya kuvuka na kuchipua tena. Mimi huumaliza mzunguko wa mwisho mapema ili majani yapate muda wa kufanya kazi hiyo, kisha kipande nakifunga mpaka ukuaji urudi wenyewe.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya chikori huoza, na hili ni jambo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza. Udongo uliolowa, kwato za ng'ombe mzito, na kichwa cha mzizi kilichopasuka: hapo fangasi wa kuozesha, akiwemo Sclerotinia, amefunguliwa njia. Ukiung'oa mmea kama huo unakuja bila kubisha, laini na mweusi pale juu, hali sehemu ya chini ya mzizi bado ni nyeupe. Mimea yenye umri iko hatarini zaidi kwa sababu vichwa vyake huwa vimeinuka kidogo juu ya udongo. Mvua kubwa ikinyesha mifugo wakiwa ndani, nawahamishia kwenye nyasi hata kama walikuwa wamebakiza siku mbili za chakula. Majani hayo mawili matatu yaliyopotea yatarudi, mzizi uliokanyagwa haurudi. Na shamba linalotuamisha maji halifai kwa chikori tangu mwanzo. Hakuna ulishaji utakaoliokoa.

Wengi hawapandi chikori peke yake, wanaichanganya na nyasi na klova, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, na nakubaliana nao. Chikori haitengenezi naitrojeni yake yenyewe bali huihitaji kwa wingi, na klova, ambayo huitengeneza, hupunguza mzigo wa mbolea. Lakini katika mchanganyiko mnyama huanza na anachokipenda, na anaipenda chikori. Unaweza kuwa na kipande ambacho nyasi zake hazijafika hata nusu kuliwa ilhali chikori imekwisha kugugunwa hadi chini. Ukiamua siku ya kuwatoa wanyama kwa kutazama nyasi, umeitoa chikori sadaka. Ninapolisha mchanganyiko naitazama chikori peke yake, na nyasi zikibaki nyingi nazishughulikia baadaye kwa kuzikata au kwa ng'ombe wakubwa wasio na mahitaji makubwa.

Kuhusu mnyama mwenyewe, faida zinajulikana. Majani machanga ya chikori humeng'enyika kwa urahisi mkubwa, yana protini ya kutosha na madini mengi, na wanakondoo walioachishwa kunyonya wanaweza kuongezeka zaidi ya gramu 200 kwa siku wakiwa humo. Pia kuna utafiti, mwingi ukiwa wa Nyuzilandi na Ulaya, unaoonyesha kwamba wanakondoo wanaokula chikori huwa na minyoo michache katika tumbo la nne. Ule uchungu wa utomvu una mchango, na umbo la mmea pia, kwani viluwiluwi vya minyoo huonekana kupata shida kupanda majani yake kuliko kupanda nyasi. Hiyo haimaanishi dawa ya minyoo itupwe. Inamaanisha huenda ukaihitaji mara chache, na kupima kinyesi ndiko kutakakokuambia.

Lakini ni chakula chenye maji mengi na nyuzinyuzi chache. Ng'ombe aliyetolewa kwenye nyasi kavu na kutupwa chikori mchana kutwa ataharisha na hatacheua vya kutosha. Mzoeshe kwa wiki moja au zaidi, saa chache mwanzoni, na awe ameshiba kiasi anapoingia. Weka hei au majani makavu karibu. Tahadhari ya kushiba ina sababu nyingine iliyo nzito zaidi: shamba lililotiwa mbolea nyingi ya naitrojeni, kisha likakumbwa na ukame au siku nyingi za mawingu, linaweza kulimbikiza nitrati kwenye majani, na mnyama mwenye njaa akila kwa pupa anaweza kufa. Kwa kujaa gesi tumboni, chikori peke yake si ya kuogopwa sana. Klova iliyo pembeni yake ndiyo ya kuangaliwa. Na kwa wenye ng'ombe wa maziwa, ule uchungu unaweza kuingia kwenye ladha ya maziwa ikiwa chikori ndiyo karibu mlo wote. Wape baada ya kukamua badala ya kabla, na iwe sehemu tu ya chakula cha siku.

Hata ukiyafanya haya yote, idadi ya mimea hupungua mwaka hadi mwaka. Chikori si lusini, ule mmea wa malisho unaodumu miaka mingi. Miaka miwili, mitatu, minne, wakati mwingine zaidi pale udongo ni mzuri na mlishaji makini. Mimea inayobaki hujitahidi kufidia: kichwa cha mzizi hugawanyika na kutoa machipukizi kadhaa, kwa hiyo kwa muda mavuno hayashuki sawasawa na idadi. Kisha mapengo huwa makubwa kuliko mimea, na magugu yanaona nafasi. Kusia mbegu ya chikori juu ya chikori iliyochoka sikupendekezi, maana maradhi yaliyoua ya kwanza bado yamo udongoni. Mimi husia nyasi na klova kwenye mapengo na kuipeleka chikori mpya kwenye kipande kingine. Kazi hiyo ifanyike mara tu mifugo wanapotoka, mimea ya zamani ikiwa fupi na udongo una unyevu, ili miche ya nyasi ipate mwanga kabla majani mapana hayajaufunika tena.